Baisikeli ya Kwendea Kazini: Chama Kisinunue Zote za Namna Moja

Bwana Mtengenezaji,

Naomba unipe nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya shauri la Kamati litakaloletwa mbele ya mkutano mkuu, yaani kwamba Chama kinunue baisikeli kwa jumla kutoka kwa mwenye duka mmoja, zote za namna moja na za kimo kimoja, kisha wanachama wakopeshwe na kukatwa katika mishahara yao kila mwezi. Nia ya shauri hili ni njema, wala sina ugomvi nayo. Tangu wizara zilipoanza kufungua milango yao Mtumba mwaka 2019, kila mmoja wetu ajua nauli ya kwenda na kurudi imekula kiasi gani cha posho ya nyumbani. Lakini njia iliyochaguliwa siipendi, nami nitaeleza sababu zangu, maana wengi wa watakaotia sahihi hawajapata kupanda baisikeli tangu walipoacha shule, na mtu asiyejua kitu ndiye auziwaye chochote.

Wengi wakitaka baisikeli huanza na duka. Mimi nasema yafaa kuanza na njia. Kutoka katikati ya mji wa Dodoma hata Mji wa Serikali ni kilomita 17 hivi, kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, yenye malori na mabasi ya safari ndefu. Mtu mgeni wa baisikeli, asiyejiumiza, huenda kilomita 12 hata 15 kwa saa. Basi akaaye mjini sharti atoke nyumbani zaidi ya saa nzima kabla ya saa 1:30 ya kuingia kazini, na alasiri arudi tena vivyo hivyo. Huyo simshauri kununua baisikeli kwa ajili ya Mtumba; apande basi, asiaibike. Lakini akaaye Nzuguni au Ihumwa, au yule ambaye ofisi yake imebaki mjini naye hulala Area C au Chang'ombe, huyo ndiye baisikeli imemfaa. Kama mwendo wake ni kilomita 3 au 4 tu, atafika kwa dakika 15 au 20, wakati ambao mwenzake angali kituoni akitazama mabasi yaliyojaa yakimpita.

Tena kuna upepo. Majira ya kiangazi, kuanzia Mei au Juni hata Oktoba, upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Aendaye Mtumba asubuhi ataukabili usoni, na alasiri utamsukuma mgongoni. Si jambo baya, kwa kuwa asubuhi mtu ana nguvu zake, lakini asihesabu mwendo wake kwa safari ya kurudi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hata Aprili, na katika miezi hiyo njia za udongo za mitaani huwa tope. Vilima vya njiani si vikali. Dodoma si Lushoto. Neno hili la vilima nitalirudia, kwani ndilo linalobomoa hoja kubwa ya Kamati.

Nimeziona namna tatu za baisikeli ambazo karani aweza kuzipata hapa bila kuagiza mbali.

Ya kwanza ni ile nyeusi kubwa, yenye chuma cha juu na magurudumu ya inchi 28. Zamani iliyosifiwa ilikuwa Raleigh ya Nottingham, Uingereza, ambako kiwanda kilifungwa mwaka 2002. Siku hizi zinazoonekana zaidi ni Phoenix ya China na ndugu zake kutoka Uhindi kama Hero. Uzito wake ni karibu kilo 20. Hubeba gunia la mahindi, mke na mtoto, na hakuna kijiji ambacho fundi wake haijui. Vipuri vyake huuzwa hata pamoja na chumvi na kiberiti. Walakini ina aibu mbili. Breki zake za fito hubana rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa breki hushika kwa shida sana, hata mtu aliyezoea hustuka. Na ikiwa mpya, mara nyingi hufungwa dukani kwa haraka: nati hazikukazwa, spoki zimelegea, gololi hazina grisi. Anunuaye baisikeli mpya asiipande kwenda nayo nyumbani. Aikokote kwa miguu hata kwa fundi wake, ifunguliwe na kufungwa upya, ndipo aipande.

Sisemi haya kwa kusikia tu. Kijana mmoja wa ofisi ya jirani alinunua baisikeli mpya siku ya mshahara, akaipanda siku ile ile. Siku ya tatu, katika mteremko mdogo, waya wa breki ya mbele ulichomoka mahali pake kwa kuwa skrubu yake haikupata kukazwa. Alivunjika mkono wa kulia, nao ndio mkono wa kazi. Muuzaji alisema baisikeli ilitoka kwake nzima, na stakabadhi ilikuwa imeandikwa kwamba kilichouzwa hakirudishwi.

Ya pili ni ile iitwayo ya milima, yenye gia 21, springi mbele na pengine katikati, na rangi za kupendeza macho. Hii ndiyo iliyochaguliwa na Kamati. Mimi sikatai kwamba zipo za namna hii zilizo imara sana, zilizofanywa kwa ajili ya milima kweli, na breki zake juu ya rimu za alumini hushika vizuri hata katika mvua. Lakini hizo bei yake si ya karani. Iliyo rahisi dukani ni sura tu ya ile nzuri. Springi zake huongeza uzito, na kila ukikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu zako huishia katika kuibonyeza springi badala ya kulisukuma gurudumu. Gia zake ni vyuma vyembamba vinavyopinda baisikeli ikiangushwa mara moja ukutani. Na gia 21 ni za nini? Mtu wa Nzuguni atatumia 2, pengine 3, nyingine atazibeba bure kila siku kama mtu abebaye kabati tupu. Mara nyingi haina madigadi wala keria, wala kifuniko cha mnyororo. Basi shati jeupe litapigwa tope mgongoni, na suruali itapakwa mafuta kabla ya mwezi kwisha.

Ya tatu ni ile ya mtumba kutoka Japani, yenye kikapu mbele, taa ya dinamo, kufuli lililofungwa juu ya gurudumu la nyuma, na chuma cha katikati kilichoinama chini. Huko kwao hutumiwa na akina mama kupeleka watoto shule na kwenda sokoni, na hapa vijana huicheka, wakisema ni ya kike. Wacheke. Kwa kazi yetu imetimia kuliko zote. Mnyororo umefunikwa, madigadi ni marefu, usukani umeelekea kwa mpandaji hata mgongo husimama wima, na kikapu hupokea mkoba wa karatasi na chakula cha mchana. Mwenye kanzu, mwenye sketi, mwenye magoti ya uzee, wote hupanda na kushuka bila kuinua mguu juu. Nyingine zina gia 3 zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hazipati vumbi wala hazigongwi. Ubaya wake ni kelele za breki ya nyuma, ambayo ikizeeka hulia kama fisi, na jambo moja jingine ambalo limewatesa wengi, nalo ni tairi.

Hapa naomba wasomaji wanisikilize sana. Inchi 26 si inchi 26. Baisikeli ya Japani ya inchi 26 na baisikeli ya milima ya inchi 26 hazivai tairi moja. Ukitazama ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zimetengwa kwa kistari. Namba ya pili ndiyo kipimo cha rimu kwa milimita. Ya Japani huandikwa 590, ya milima huandikwa 559, na ile nyeusi kubwa ya inchi 28 huandikwa 635. Hata nywele 31 za tofauti zingetosha kukataa, sembuse milimita 31. Mwenzetu mmoja alizunguka maduka kwa majuma 3 akiulizia "tairi ya 26", kila mara akiuziwa isiyoingia, na baisikeli imeegeshwa uani kama kuku mgonjwa. Basi kabla hujatoa fedha, iandike namba ile katika kijitabu chako, nenda kwa wauza vipuri, uulize kama wanayo tairi na mpira wa ndani wa namba hiyo. Wakisema hawana, iache baisikeli hiyo hata kama ni ya dhahabu.

Sasa niseme juu ya kimo, maana hapa ndipo shauri la kununua zote sawa linapokosa kabisa. Katika Chama chetu yumo mkaguzi ambaye hupita mlangoni akiinama, na yumo mpiga chapa ambaye hufungua faili za rafu ya juu kwa kupanda kiti. Hao wawili wawezaje kupewa fremu moja? Baisikeli isiyo ya kimo chako huumiza magoti, kiuno na viganja, na mtu hadhani ni baisikeli. Hudhani ni udhaifu wa mwili wake, kisha huiacha. Kipimo chake ni chepesi. Simama juu ya chuma cha juu, nyayo zote mbili chini: sharti nafasi ya vidole viwili au vitatu ibaki kati yako na chuma. Kisha kaa juu ya kiti huku mwenzako akiishika baisikeli, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama ipasavyo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo nguvu hutoka bila maumivu. Watu wengi huweka kiti chini mno kwa kuogopa kuanguka. Kwa siku za kwanza si vibaya. Baada ya juma moja kipandishwe kidogo kidogo.

Anunuaye mtumba asidanganywe na rangi, kwani rangi ya mkebe hufunika mengi. Aigeuze baisikeli juu chini, azungushe magurudumu na kutazama kama yanayumba baina ya mpira wa breki na mpira wa breki. Alishike gurudumu kwa juu na kulitikisa ubavuni. Likicheza, gololi au vikombe vyake vimekwisha. Atazame chini ya shingo ya fremu, mahali vyuma vinapokutana: rangi ikiwa imekunjamana au kuna ufa mwembamba kama unywele, baisikeli hiyo imewahi kugonga kitu, na dawa yake ni kuiacha. Mnyororo aupime kwa rula ya ofisi yenye inchi 12. Katika mnyororo mpya, msumari mdogo wa kwanza ukiwekwa penye sifuri, msumari wa 25 huangukia juu ya inchi 12 kamili. Ukipita alama hiyo kwa sehemu ya nane ya inchi, mnyororo umekwisha, na huenda umekwisha kula meno pia. Mwisho aitazame pedeli ya kushoto. Hiyo hukazwa kinyume cha desturi, kwa kuzungushwa kuelekea kushoto. Fundi asiyejua hulazimisha, akaharibu njia za skrubu, na tangu hapo pedeli huanguka njiani kila mara.

Kuna namba iliyogongwa katika fremu, mara nyingi chini, karibu na pedeli au chini ya kiti. Namba hiyo iandikwe katika stakabadhi pamoja na jina la muuzaji. Sisi tunaoshinda tukiandika mali ya Serikali katika leja, hata kiti kibovu tukakipa namba, ni ajabu kwamba tukinunua mali yetu wenyewe twaridhika na neno la mdomo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na baisikeli ya wizi ikikamatwa mikononi mwako, atakayeulizwa ni wewe.

Fedha zote zisiishie katika baisikeli yenyewe. Katika kila shilingi 10 ulizo nazo, bakiza 2 kwa ajili ya kufuli nene, pampu, viraka na gundi yake, kengele, taa nyekundu ya nyuma na kofia ngumu ya kichwani. Taa si pambo: jua letu huchomoza karibu na saa 12 na nusu, na atokaye mapema hukutana na malori yangali na mwanga hafifu. Na viraka ni kwa sababu ya mbigili. Mgeni wa Dodoma atazijua mbigili siku ya kwanza atakapokata njia ya mkato katika kiwanja kitupu. Tairi nene husaidia. Ukibandika kiraka, usirudishe mpira wa ndani kabla ya kupapasa tairi yote kwa vidole, kwani mwiba ule ule hubaki umejificha na kukutoboa mara ya pili kabla hujafika kona. Tena usipende kupanda tairi ikiwa nusu upepo: huchosha mtu na kuharibu rimu. Kipimo cha upepo kimeandikwa ubavuni, karibu na ile namba niliyokwisha kutaja.

Wapo watakaosema kwamba ofisa akija kazini kwa baisikeli hujishushia heshima. Hoja hii nimeisikia kwa mabwana wenye mikopo mitatu ya motokaa, wanaotembea tarehe 20 kwa kukosa petroli. Babu zetu makarani waliipata baisikeli kwa jasho, na mtaa mzima uliinuka kumtazama aliyeinunua. Kama heshima ile imepotea, haikupotea kwa kosa la baisikeli. Juu ya jasho lenyewe, hilo ni kweli. Mtu achukue shati la pili katika kikapu, aende polepole, afike robo saa mapema, aoshe uso.

Sasa nirudi kwa Kamati. Chama kikinunua kwa jumla, tutapewa baisikeli za namna ya pili, za kimo kimoja, zilizofungwa kwa haraka na duka lililokwisha kulipwa fedha zote. Na zitakapoharibika mwezi wa nne, makato yataendelea hata mwezi wa kumi na mbili. Kanuni yetu ni kwamba mtumishi asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote. Wengi wetu tumekwisha kuufikia mpaka huo. Nafasi ndogo iliyobaki kwa mtarishi au mpiga chapa isifungwe kwa kitu ambacho hakukichagua.

Shauri langu ni hili. Chama kikopeshe fedha, kisikopeshe baisikeli. Kila mwanachama ajitafutie iliyo sawa na mwili wake na njia yake, mpya au mtumba, kwa kiasi kisichozidi kile kile ambacho Kamati imekwisha kukiweka. Kabla ya malipo, baisikeli ipelekwe kwa fundi mmoja mwaminifu atakayechaguliwa na mkutano na kulipwa na Chama kwa kila baisikeli aikaguayo. Naye atie sahihi kwamba breki, magurudumu na fremu ni salama. Tena Chama kinunue baisikeli 2 za Japani ziwe za kuazimwa, ili anayetaka kuanza ajaribu safari yake kwa juma zima, pamoja na siku ya upepo, kabla hajaweka sahihi katika karatasi ya deni. Atakayeona haimfai atairudisha bila khasara.

Na jambo la mwisho ambalo fedha zetu haziwezi kulifanya. Penye ofisi nyingi hakuna mahali pa kufungia baisikeli ila miti na nguzo za uzio. Jua la mchana hukausha tairi hata zikapasuka ubavuni, na walinzi hutufukuza mlangoni kama wachuuzi. Katibu na aandike barua kwa wakubwa, aombe kibanda cha bati chenye nguzo za chuma za kufungia, na bomba moja la maji kando yake. Barua hiyo ikipelekwa kabla ya mkutano, tutakuwa na jibu mkononi siku ya kupiga kura.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu,
Karani wa Masjala, Dodoma.